Somo: Kuhudhuria mhadhara wa chuo kwa Zoom ukiwa na simu na kifurushi kidogo

Somo hili linamlenga mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma akiwa mbali, mwenye simu tu na bando la kuhesabu.

Hatua ya 1. Pakua programu ya Zoom au isasishe siku moja kabla, kwani sasisho likianza dakika ya mwisho litakukosesha utangulizi wa mhadhara.

Hatua ya 2. Hakikisha saa. Mwaliko unaoonyesha 20:00 ni wa saa 2 usiku, na unaoonyesha 8:00 ni wa saa 2 asubuhi, wala si saa 8 mchana.

Hatua ya 3. Bonyeza kiungo, kisha andika jina lako kamili na namba ya usajili. Programu isipopewa jina huweza kuchukua jina la simu, na mhadhiri mwangalifu hatamtoa katika chumba cha kusubiri mtu anayeitwa Galaxy A12.

Hatua ya 4. Unga sauti kwa kugusa alama ya vipokea sauti vya masikioni, kisha funga kipaza sauti chako mpaka utakapopewa nafasi ya kuzungumza.

Hatua ya 5. Hapa ndipo bando huokoka au huteketea. Sauti peke yake huhitaji takriban kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani MB 27 hadi 36 kwa saa, ilhali video ya kawaida huhitaji kilobiti 600 hivi, ambazo ni MB 270 kwa saa. Wengi huzima kamera zao wakadhani wamemaliza, kumbe simu inaendelea kupokea sura za wenzao. Fungua menyu ya ziada, uchague kusimamisha video zinazoingia. Slaidi za mhadhiri utaendelea kuziona, nazo ndizo unazozihitaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Naona midomo ya watu ikicheza lakini sisikii chochote.
Jibu: Marahaba. Yaelekea umeruka hatua ya 4, kwa kuwa kuingia darasani na kuunga sauti ni mambo mawili tofauti. Ikiwa umeshaiunga, angalia kama simu haikuelekeza sauti kwenye spika ya Bluetooth iliyo chumba kingine.

Swali: Kikundi chetu cha majadiliano hukatwa kila mara tukiwa katikati ya hoja. Tufanyeje?
Jibu: Akaunti ya bure ya Zoom ina kikomo cha dakika 40. Google Meet ya bure huwapa dakika 60 watu watatu au zaidi, nami naona inawatosha, mradi ajenda iandikwe mapema.

Swali: Mimi niko Muscat. Mhadhara umepangwa saa 1 jioni ya Dar es Salaam.
Jibu: Ingia saa 2 usiku ya huko, kwa sababu Oman iko mbele kwa saa moja. Ukiona mwaliko umeandikwa saa za Nairobi usishtuke, ni zile zile za Dar es Salaam.

Swali: Naweza kurekodi mhadhara kwa simu?
Jibu: Kwa akaunti ya bure, hapana; kurekodi kwa simu ndani ya Zoom kunahitaji akaunti ya kulipia. Mwenzenu mwenye kompyuta amwombe mhadhiri ruhusa, kisha arekodi na kuwagawia sauti peke yake, ambayo faili lake ni dogo.