Usianze na jumla: namna ya kusoma matumizi ya shule ya miaka mingi

Nimeshika vitabu vya hesabu vya shule kwa miaka 19, na kila mjumbe mpya wa bodi hufanya lilelile: anafunua hadi mstari wa mwisho, anaguna, kisha anauliza, "Mbona hela zinapanda hivi?" Jumla hupanda karibu kila mahali. Anza kwingine.

Kwanza chukua matumizi halisi, yaliyokaguliwa, kwa miaka yote. Ukichanganya na makisio ya bajeti umeshapotea. Angalia pia mwaka wa fedha unafungwa mwezi gani. Kama uliwahi kubadilishwa, mahali fulani kuna taarifa ya miezi 6 au 18 inayojifanya mwaka.

Kisha soma majina ya vifungu, mwaka kwa mwaka, polepole. Kuna mwaka kifungu changu cha vifaa vya kufundishia kilishuka karibu nusu, bodi ikanikalia kooni. Hakuna kilichokuwa kimepungua: kompyuta zilihamishiwa kwenye kifungu kipya cha Tehama, basi. Tangu siku hiyo nina karatasi niliyoibandika ndani ya jalada la leja, inaonyesha kifungu kipi kilizaa kipi na mwaka gani. Tengeneza ya kwako. Vifungu viwili vikikataa kutenganishwa, viunganishe kwa miaka yote.

Ujenzi uweke safu yake. Shule ikijenga maabara, mwaka huo huvimba, na unaofuata huonekana umebana matumizi wakati hakuna aliyebana chochote. Ila maabara ikishafunguliwa inataka umeme, kemikali na mtu wa kuiangalia, na hayo yanaingia kwenye matumizi ya kawaida moja kwa moja. Hata jengo la msaada ni hivyohivyo: mfadhili anakata utepe, bili zinabaki kwetu.

Sasa gawanya kwa idadi ya wanafunzi, kisha ondoa mfumuko wa bei. Tuseme matumizi ya kawaida yalikuwa milioni 80 kwa wanafunzi 400, yaani 200,000 kwa kila mtoto. Miaka mitano baadaye ni milioni 108 kwa wanafunzi 450, yaani 240,000. Kama fahirisi ya bei, yaani namba inayoonyesha bei zimepanda kiasi gani, ambayo hutolewa na ofisi ya takwimu ya nchi, imetoka 100 hadi 125, gawanya 240,000 kwa 1.25. Unapata 192,000. Jumla imepanda asilimia 35, na bado fungu la mtoto mmoja limepungua asilimia 4. Hesabu hii nimeifanya ubaoni mara nyingi, na kila mara kuna anayeomba niirudie.

Wanafunzi wakipungua, mambo hugeuka. Darasa la watoto 40 likibaki na 32, mwalimu ni yuleyule na taa ni zilezile, kwa hiyo gharama ya kila mtoto inapanda hata kama hukuongeza senti.

Mishahara isome peke yake, maana kwa kawaida ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Pale ambapo watumishi hupanda ngazi kila mwaka, bili ya mishahara hupanda bila kuajiriwa mtu. Wazee watatu wakistaafu na vijana watatu wakachukua nafasi zao, inashuka. Andika idadi ya walimu pembeni ya kila mwaka, na maswali mengi yataisha yenyewe.

Mimi siku hizi naogopa zaidi mistari inayoshuka. Nilipokuwa mgeni kazini nilisimama mbele ya bodi nikajisifu kuwa ukarabati umeshuka miaka mitatu mfululizo. Wakanipigia makofi. Mwaka wa nne mvua ikaingia madarasa mawili, na tukalipa kwa mpigo zaidi ya vyote nilivyosema tumeokoa. Ukiona ukarabati umeshuka, muulize fundi wa shule kabla hujamuuliza mhasibu, na uinue macho uangalie dari.

Halafu omba orodha ya wanaoidai shule. Hesabu zikiandikwa kwa fedha taslimu tu, yaani pale hela inapotoka, bili isiyolipwa haionekani kwenye matumizi kabisa; inajitokeza mwaka unaofuata, na lawama anazibeba mhasibu wa mwaka huo.