Laptop iwe na matundu gani na kibodi ipi: namna ya kukagua kabla ya kulipa

Ubishi wa matundu ya laptop hauishi. Mmoja ameridhika na USB-C mbili tu, zile ndogo za mviringo, mwenzake haelewi mashine inauzwaje bila HDMI ya kuunganishia skrini, USB-A tatu za mstatili na mahali pa kadi ya SD. Wote wana hoja, maana kila mmoja anatetea vitu anavyovichomeka mwenyewe. Kibodi ni shauri lingine. Tundu likikosekana, mara nyingi adapta huziba pengo. Kibodi mbaya haina adapta, kwa sababu ile ya nje utaiacha mezani siku utakapoipakata mashine. Basi kagua kibodi kwanza, ingawa wengi huanza na matundu.

Kibodi

Nenda na rula. Pima kutoka katikati ya Q hadi katikati ya P. Kibodi ya ukubwa kamili hutoa milimita 171 hivi, yaani nafasi 9 za milimita 19. Ukipata 160 au pungufu, vidole vilivyozoea kibodi ya kawaida vitagonga herufi za jirani, na kuzoea ni vigumu kama ofisini unatumia kibodi nyingine.

Kina cha kubonyea kwenye laptop nyingi ni kati ya milimita 1 na 1.5, na chache hufika 1.8. Namba hii husifiwa kupita kiasi. Kitufe cha milimita 1.2 kinachojibu wazi chini ya kidole ni bora kuliko cha 1.5 kinachozama kama kwenye unga. Mambo huharibika zaidi chini ya milimita 1: kibodi ya kipepeo, yenye vitufe vyembamba sana, ambayo Apple iliianza mwaka 2015 ilikuwa na takriban nusu milimita, na chembe ya vumbi ilitosha kukwamisha kitufe au kukifanya kiandike herufi mara mbili. Mwaka 2019, kwenye MacBook Pro ya inchi 16, kampuni ikarudi kwenye mfumo wa kawaida wa laptop, ule wa mkasi.

Sasa bonyeza kwa nguvu kidogo katikati, kati ya G na H. Bamba likizama na kurudi, kila herufi utakayoandika itayumba hivyo hivyo. Kisha gusa vitufe virefu kwenye ncha zake: Shift ya kushoto pembeni kabisa, Enter kwenye kona, kitufe cha nafasi mwisho wa kulia. Kitufe kirefu kisichosikia ncha zake kina kijiwaya cha kusawazisha kilichokaa vibaya chini yake.

Jaribio linalosahaulika ni hili. Fungua programu yoyote ya kuandikia, shikilia Shift zote mbili kwa pamoja, halafu andika alfabeti nzima. Kwenye laptop nyingi herufi kadhaa hazitatokea. Vitufe vimeunganishwa kwa safu na nguzo za nyaya, na mara nyingi bila diodi, kile kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ukibonyeza vitufe vitatu vinavyokaa kwenye pembe tatu za mstatili, kidhibiti huona kana kwamba na cha nne kimebonyezwa, kwa hiyo huamua kukataa. Kwa kuandika barua haina madhara. Kwa mchezo wa kompyuta au programu yenye amri za vitufe vitatu vinne, ni kasoro isiyo na tiba, kwa hiyo jaribu mchanganyiko unaoutumia wewe hasa.

Tazama mpangilio. Mishale iliyokatwa nusu yote minne inavumilika. Ile ya juu na chini ikikatwa nusu huku ya kushoto na kulia ikiachwa mizima, huo ndio mpangilio mbovu kuliko yote, kwa kuwa kidole hakipati pengo la kujipimia bila macho kushuka. Home, End, Page Up na Page Down zikiwa zimefichwa chini ya Fn, kitufe kinachobonyezwa pamoja na kingine, mtu wa maandishi marefu au majedwali ataumia kila siku. Tarakimu za pembeni zinamfaa anayeingiza hesabu kutwa nzima. Asiyezihitaji azikwepe, maana kwenye laptop ya inchi 15 au 16 husukuma herufi zote kushoto, na utakaa ukiwa umepinda mbele ya skrini. Kitufe cha kuwasha kikiwekwa jirani na Delete, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows unaweza kukiagiza kisifanye lolote kikibonyezwa.

Tangu Microsoft ilipotangaza kitufe cha kufungua Copilot, msaidizi wake wa akili bandia, mwezi Januari 2024, mashine nyingi mpya za Windows zimekiweka mahali pa Ctrl ya kulia au kitufe cha menyu. Hakitumi alama ya kitufe kimoja, hutuma mchanganyiko wa Windows, Shift na F23, ndiyo maana baadhi ya programu za kubadilisha vitufe hushindwa kukigeuza kuwa Ctrl kamili. PowerToys kwenye Windows na keyd kwenye Linux ni mahali pa kuanzia. Lakini kama mkono wako wa kulia unaitegemea ile Ctrl, ni rahisi zaidi kutafuta mashine iliyo nayo.

Umbo la Enter hukuambia kibodi ni ya aina gani. Enter ya mlalo ni ya mtindo wa Marekani. Enter ndefu ya kusimama, pamoja na kitufe cha ziada kati ya Shift ya kushoto na Z, ni ya mtindo wa Ulaya. Kiswahili hakihitaji herufi yoyote ya ziada, lakini kinahitaji ritifaa, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mfumo ukiwekwa kwenye mpangilio unaoitwa United States-International, ritifaa haitokei papo hapo, husubiri herufi inayofuata. Andika ng'ombe, utapata ngómbe. Kibodi haina hitilafu. Badili mpangilio uwe US wa kawaida, au bonyeza nafasi mara moja baada ya ritifaa.

La mwisho kwa kibodi ni matengenezo. Dell, HP na Lenovo huweka miongozo ya matengenezo ya mashine zao mtandaoni bure. Fungua ya modeli unayoitaka, tafuta sura ya kubadilisha kibodi. Ikionyesha skrubu kadhaa na utepe mmoja wa kuchomoa, kibodi iliyomwagikiwa chai ni kazi ya nusu saa. Ikisema kibodi huja pamoja na bamba zima la juu, mara nyingi imebanwa kwa vipini vya plastiki vilivyoyeyushwa, na utalipia bamba zima kwa sababu ya kitufe kimoja.

USB-C: umbo ni moja, yaliyomo mbalimbali

USB-C, iliyotoka mwaka 2014, ni umbo la plagi tu. Ndani ya tundu hilo kunaweza kuwa na USB 2.0 ya megabiti 480 kwa sekunde, au gigabiti 5, 10, 20, 40 na hata 80. Linaweza kupeleka picha kwenye skrini ya nje au lisipeleke. Linaweza kuchaji mashine au lisichaji. Laptop za bei ya chini hupenda kuweka tundu la USB-C la data peke yake na kuacha chaja ya pini ya duara, kisha kwenye tangazo wakaandika "ina USB-C". Hawajadanganya, ila hawajakuambia kitu.

Soma alama kando ya tundu. Mshale wa radi ni Thunderbolt, njia ya kasi kubwa ya data na picha kupitia tundu hilohilo. Herufi D iliyoshikana na P ni picha kupitia DisplayPort. Alama ya betri au plagi ni kuchaji. Pasipo na alama, nenda kwenye jedwali la sifa la mtengenezaji. USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kilekile chenye majina matatu, gigabiti 5. Gen 2 ni 10, Gen 2x2 ni 20. Tofauti yake mkononi ni hivi: video za gigabaiti 50 kupitia USB 2.0 huchukua zaidi ya dakika 20, wakati diski ya SSD ya nje kwenye tundu la gigabiti 10 yaweza kumaliza katika dakika moja hivi.

Kuchaji kuna mtego wake. Kebo ya kawaida ya USB-C hupitisha ampea 3, na kwa volti 20 hiyo ni wati 60 basi. Kupita hapo kebo lazima iwe na kijichipu ndani kinachoiambia chaja kwamba inahimili ampea 5, yaani wati 100. Toleo la mwaka 2021 la kanuni za USB limeongeza kiwango hadi wati 240, kwa kebo zilizoandikwa hivyo. Ukiona ujumbe wa chaja dhaifu ilhali chaja ni ya wati 100, badilisha kebo kabla ya kulaumu chaja. Na ukichaji kupitia habu, kile kifaa kinachogeuza tundu moja kuwa mengi, habu hujikatia sehemu yake kwanza, mara nyingi wati 15 hivi. Chaja ya wati 65 kupitia habu huenda ikaiacha laptop na 50, nayo betri ikashuka taratibu kazi ikizidi.

Idadi ihesabiwe kwa uaminifu: tundu moja la USB-C ambalo ndilo la chaja pia ni sawa na kutokuwa nalo saa zote za kuchaji. Mawili ni kima cha chini, na afadhali moja kushoto na moja kulia kuliko matatu upande mmoja. Katika Umoja wa Ulaya, kuanzia 28 Aprili 2026 laptop mpya zinazochajiwa kwa waya lazima zikubali chaja ya USB-C, kwa hiyo pini za duara zinaelekea kutoweka kwenye mashine zisizohitaji umeme mkubwa.

Kasi ya Thunderbolt na uwezo wa kuchaji ni mambo mawili ambayo hakuna adapta itakayoyaongeza baadaye. Hayo yang'ang'anie. HDMI na tundu la mtandao huongezwa.

Yaliyobaki

USB-A mbili zinatosha. Usidharau mahali zilipo: tundu la kulia, mbele, litasukuma plagi kwenye mkono unaoshika kipanya. Diski ya nje ya kuzunguka huhitaji umeme. USB 2.0 huahidi ampea 0.5 na USB 3 hutoa 0.9, na diski ikipungukiwa hugonga tik-tik bila kufunguka. Habu isiyo na chaja yake huleta tatizo hilohilo.

Kipanya kisichotumia waya kikianza kurukaruka kila unapochomeka diski, usikimbilie kubadili betri. Mawimbi ya USB 3 hutoa kelele katika eneo la gigahezi 2.4, ambako vipokezi vingi vya kipanya na kibodi husikilizia. Intel ilieleza jambo hili kwenye waraka wake wa 2012. Hamishia kipokezi upande mwingine wa mashine, au kiweke kwenye kebo fupi ya kurefusha ya USB 2.0, kikae sentimita 30 hivi kutoka kwenye diski.

HDMI ina namba zake. Toleo 1.4 hupeleka picha ya 4K, ile yenye nukta nyingi, kwa 30 Hz, yaani picha 30 kwa sekunde, na 2.0 kwa 60 Hz, na 2.1 hufika 120 Hz. Kwa 30 Hz mshale wa kipanya hukokota kama una mzigo, na macho huchoka kabla hujajua kwa nini. Habu za bei rahisi zina tatizo lilelile kwa sababu nyingine: USB-C ina njia nne za kasi, na habu hutoa mbili kwa data na kubakisha mbili kwa picha. Kama laptop inatumia DisplayPort 1.2, njia mbili hutosha 4K ya 30 Hz tu. Ikiwa 1.4, habu nayo ikiikubali, 60 Hz hupita. Habu ileile basi itasifiwa kwenye mashine moja na kutukanwa kwenye nyingine.

Kadi ya SD ina viwango vya kasi: msomaji wa UHS-I huishia megabaiti 104 kwa sekunde, UHS-II 312, na kadi ya UHS-II ina safu mbili za pini nyuma. Usilipie ya pili kama kamera yako haina. Tundu la hedfoni libaki, si la kujadili.

Siku ya kukagua

Chukua chaja ya USB-C ya wati 65, kebo yake nzuri, SSD ya nje na kebo ya HDMI. Tundu kwa tundu: chomeka chaja uone kama betri inaonyesha kuchaji, kisha SSD, kisha kwa kila plagi itikise taratibu juu na chini. Muunganisho ukikatika, tundu limelegea kwenye bodi. Kabla ya kulikataa lakini, mulika ndani kwa tochi. Mara nyingi ni nyuzi za nguo zilizosongamana chini, na plagi haiingii hadi mwisho. Mashine ikiwa imezimwa, zitoe kwa kijiti cha mbao cha meno, usitumie sindano.

Kasi halisi kwenye Linux huonekana kwa amri ya lsusb -t, ambapo 480M ni USB 2.0 na 5000M au 10000M ni zaidi. SSD ikionyesha 480M, geuza plagi au badili kebo ujaribu tena, maana kebo nyingi za kuchajia simu hazina nyaya za kasi kabisa. Kwa vitufe, fungua kibodi ya skrini ya Windows kwa kuandika osk kwenye utafutaji, kisha bonyeza kimoja kimoja uone kinawaka. Anza na mstari wa chini.