Namna ya Kufuatilia Vijito vya Msitu wa Serikali kwa Kujitolea

Kikundi kinachotaka kufuatilia kijito ndani ya msitu wa serikali, kama ule wa Buhindi wilayani Sengerema, kianze kwa kuomba kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na kuitaarifu Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria jijini Mwanza, kwa kuwa takwimu zisizo na mpokeaji huishia kabatini.

Chagueni vituo viwili penye mkondo ulionyooka, kimoja juu ya mahali ng'ombe wanaponyweshwa na kingine chini yake. Wekeni alama kwenye jiwe kubwa, kisha mpime hapohapo, saa ileile, kila mwezi, masika na kiangazi.

Kila anayeingia majini avae mabuti ya mpira na glovu ndefu, maana ukanda huu una kichocho. Atakayedai kwamba anaingia dakika moja tu, abaki ukingoni aandike.

Kiasi cha maji hupimwa bila kifaa cha gharama. Pimeni mita 10 za mkondo, achieni limau lielee, mhesabu sekunde, mara tatu, mpate wastani. Ikiwa limau limetumia sekunde 40 katika kijito chenye upana wa mita 1.2 na kina cha wastani cha mita 0.15, zidisheni mwendo (mita 10 gawanya kwa sekunde 40) kwa upana na kina, kisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini: mtapata takriban mita za ujazo 0.038, yaani lita 38, kwa sekunde.

Wadudu ndio wanaoeleza mengi zaidi. Tegeni kipande cha chandarua (kilichochakaa, si cha kulalia), geuzeni mawe yaliyo mbele yake, kisha mimineni kilichonaswa kwenye beseni jeupe lenye maji. Yakitulia, huenda akaonekana mdudu mdogo mwenye mikia mitatu myembamba na matamvua yanayopepea ubavuni, ambayo humsaidia kupumua. Mwingine hujijengea ala ya chembe za mchanga. Wengi wa jamii hizo huhitaji oksijeni ya kutosha, hivyo wakitoweka na kubaki vijinyoo vyekundu na ruba, shukuni samadi au majitaka. Wahesabuni, kisha muwarudishe majini.

Andikeni kwa penseli tarehe, saa, rangi ya maji na kama mvua ilinyesha jana yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkikuta shamba, pimeni umbali na kupiga picha bila kugombana na mwenyewe, kisha pelekeni taarifa kwa mhifadhi pamoja na nakala ya daftari.