Insha na jaribio la falsafa ya utangulizi: tufanye kazi na Crito

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupoteza alama za falsafa hasa kwa kueleza mwanafalsafa alisema nini bila kuonyesha alifikaje hapo. Msahihishaji anatafuta hoja: madai yanayobeba hitimisho. Jaribio nalo linapima hilohilo, kwa hiyo ukijiandaa vizuri kwa insha, sehemu kubwa ya jaribio umeshaimaliza.

Chukua Crito, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mwaka 399 KK mwanafalsafa Socrates yuko gerezani Athens, amehukumiwa kifo, na rafiki yake Crito amekuja kumtorosha. Socrates anakataa. Soma mara ya kwanza ufuate mazungumzo tu. Mara ya pili shika kalamu: tafuta hitimisho kwanza, kisha rudi nyuma ukiuliza "kwa nini?" kila hatua. Utapata takriban hivi:

1. Mtu asitende dhuluma kamwe, hata akiwa amedhulumiwa.
2. Kuvunja makubaliano ya haki ni dhuluma.
3. Kwa kuishi Athens maisha yake yote, Socrates amekubali kuzitii sheria zake.
4. Kutoroka ni kuvunja makubaliano hayo.
Kwa hiyo, asitoroke.

Usiyashambulie yote manne. Chagua moja, tuseme la 3: je, kubaki mahali ni kukubali? Kabla hujaandika pingamizi, rudi kwenye maandishi, maana Sheria, ambazo Socrates anazipa sauti, zimeshajibu: Mwathene yeyote asiyeridhika anaruhusiwa kuhama na mali yake, na Socrates, mzee wa miaka 70, hakutoka mjini ila kwa nadra, hasa alipokwenda vitani. Pingamizi lisilogusa jibu hilo halina uzito. Lenye uzito litasema hivi: ruhusa ya kuhama haimsaidii maskini asiye na nauli wala pa kufikia, hivyo kubaki kwake si ushahidi wa ridhaa. Lakini Socrates alikuwa na marafiki wenye mali. Hapo msimamo wako umejitokeza wenyewe: hoja inamfunga Socrates, haimfungi kila raia. Msimamo mwembamba namna hii unatetewa vizuri kuliko "Socrates alikosea".

Kwa insha ya maneno 1,200, maneno 100 yatoshe utangulizi, na msimamo wako uwe humo. Hoja ya Plato ipe 350, pingamizi 300, jibu bora ambalo mtetezi wake angelitoa pamoja na majibu yako 400, na 50 za kufunga. Acha kabisa "tangu enzi na enzi binadamu amejiuliza"; sentensi hiyo haibebi dai lolote. Mpe rasimu mwenzako asiyesoma kozi hiyo. Akishindwa kukurudishia hoja kwa maneno yake, kasoro iko kwenye aya zako.

Kwa jaribio, kila andiko liwe na karatasi moja: hitimisho, madai, pingamizi moja. Siku mbili baadaye iandike upya bila kuchungulia. Kusoma tena mistari uliyoipaka rangi kunakupa hisia ya kujua tu.

Maswali ya mantiki huwaangusha wengi. Hoja ni halali ikiwa haiwezekani madai yawe kweli na hitimisho liwe uongo. "Samaki wote wanaruka, papa ni samaki, papa anaruka" ni halali ingawa dai la kwanza ni uongo. "Mvua ikinyesha barabara hulowa, barabara imelowa, basi mvua imenyesha" si halali, kwani huenda bomba limepasuka.

Tegemea pia swali la kulinganisha: katika Apology, andiko jingine la Plato kuhusu kesi ya Socrates, Socrates anaiambia mahakama kuwa hata wakimwachia kwa sharti la kuacha falsafa, hatatii. Je, anajipinga? Onyesha kwanza mgongano wenyewe kwa sentensi mbili, ndipo utumie kauli ya Sheria katika Crito kwamba raia aushawishi mji au autii. Anayekimbilia kusuluhisha bila kuonyesha mgongano hupata nusu ya alama.