Kumwita mama kipimoni kwa simu: tunavyofanya hapa Lamu

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mtaa wa Langoni. Kazi ninayoipa moyo wangu wote ni kuwahimiza wanawake wakapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Karibu yote huletwa na virusi vya HPV, na kwa mwenye kinga nzuri huchukua kama miaka 15 hadi 20 tangu virusi viingie mpaka saratani yenyewe. Muda wote huo inaweza kuzuiwa. Nesi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, palipoanza kuharibika panageuka peupe baada ya dakika moja hivi, na mara nyingi patatibiwa mapema, pengine siku hiyo hiyo. Kwetu Kenya wanaolengwa hasa ni wa miaka 25 hadi 49. Basi anayekosa kwenda kwa sababu hakuna aliyemwita, hilo linaniuma.

Kabla hujaandika neno lolote kwenye simu, nenda kliniki kwa miguu yako. Uliza siku, saa, na kama kuna malipo. Halafu uliza nani anayepima. Usiruke swali hili, kwa sababu ndilo utakaloulizwa wewe kabla ya mengine yote: "Ni mwanamke?" Ukijibu "nadhani ndiyo", umeshampoteza. Mimi humwomba nesi mwenyewe anirekodie maneno machache kwa sauti yake: jina lake, kwamba yeye ndiye atakayekuwepo, kwamba pazia hufungwa, kwamba siki inaweza kuwasha kidogo na ikapoa. Pia aseme wazi kwamba kipimo hakifungi uzazi. Sauti hiyo moja imejibu uvumi mwingi kuliko picha zote za matangazo nilizowahi kutumiwa.

Sasa kundi la WhatsApp. Tunayo mengi: la chama, la wazazi wa madrasa, la harusi iliyopita ambalo hakuna aliyetoka. Humo tangaza siku na mahali tu, basi. Mwanamke hatauliza habari za mlango wa kizazi mbele ya wifi zake na mama mkwe. Kazi yenyewe hufanyika kwa mtu mmoja mmoja, kwa sauti. Mabibi zetu wengi wanasoma msahafu vizuri, lakini maandishi ya simu yanawachosha, na wakisikia Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kinachotoka kinywani mwa mtu wanayemjua, husikiliza mpaka mwisho. Isizidi dakika moja. Yangu huwa hivi:

"Asalaam aleikum mamangu, shikamoo. Ni mimi, wa nyumba ya nyuma ya msikiti. Jumanne saa 3 asubuhi nakwenda kliniki ya akina mama, na nataka twende sote. Anayepima ni mwanamke, nimemsikia mwenyewe, na nimekuwekea sauti yake hapo chini. Kama uko siku zako, niambie tusogeze. Nijibu kwa sauti, nakusubiri."

Mtaje kwa jina au kwa cheo chake kwako: shangazi, mamangu, somo. Ile orodha ya WhatsApp ya kutuma kwa wengi hubeba watu 256, lakini ujumbe haumfikii asiyehifadhi namba yako, na wa kila mtu hauna jina la mtu. Mimi huitumia kwa kukumbusha tu. Tuma baada ya Alasiri, jiko likishapoa.

Mwenye simu ya kabambe mpelekee SMS isiyozidi herufi 160, na usilitaje neno saratani. Simu hiyo huenda iko mkononi mwa kijana wake au mumewe. "Dada, Jumanne saa 3, kliniki ya akina mama. Nitakungoja mlangoni. Nibipu nikupigie" inatosha. Kwa wenye WhatsApp wanaoshiriki simu, washa ujumbe unaojifuta baada ya saa 24.

Kuna jambo ambalo maelekezo yanayotoka Nairobi hayalitaji: maji. Ukiwaita wenzetu wa Siyu au Faza, kisiwani Pate, mashua hupita mkondo wa Mkanda, na maji yakipwa mashua hukwama. Muulize nahodha kabla hujaandika saa, utazame bamvua (siku za maji makubwa) na maji mafu (siku za maji madogo), kisha useme kwenye ujumbe wenyewe mashua itarudi lini. Mama mwenye mtoto mdogo nyumbani hatapanda bila kujua hilo. Mwezi wa Ramadhani usiite kabisa. Wengi wanaona kipimo kinaharibu saumu, na wakikataa mara moja ni vigumu kuwarudisha. Wakati wa Maulidi wa visiwani wanakuwa mjini kwa wingi, kwa hivyo zungumza na kliniki mapema.

Huko Marekani, Walatino wana akina mama wa mtaani waitwao promotora. Wamefundishwa, wanazungumza Kihispania cha nyumbani, na simu huwasaidia kufuatilia waliokwisha kuzungumza nao. Hata sisi tuanze hivyo. Simu haipati nguvu kama hujawahi kukaa barazani kwa mtu.

Majibu ya kipimo usiyatume kwa simu, hata yakiwa mazuri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za afya, na Lamu ni mji mdogo. Andika tu, "Nesi anataka kukuona Alhamisi, nitakuja kukuchukua." Ukamchukue kweli. Anayehitaji tiba ndiye wa kupigiwa mpaka aende.

Kwa aliye salama, weka kumbusho kwenye kalenda ya simu siku ile ile: miaka 3 kama alipimwa kwa siki, 5 kama ni kipimo cha HPV. Laini za simu hubadilishwa sana, kwa hivyo mwombe pia namba ya dada au binti anayemwamini, na uandike kwamba amekuruhusu.