Maua marefu ya kivulini yanalala? Yashike mapema

Wenye bustani chini ya miparachichi na migrivea, hasa sie wa Arusha, masika yakikolea mnajua kinachotokea, mvua inapiga usiku, asubuhi maua yote yamelala, na shina likishapinda ndo basi, hata ulifunge vipi halinyooki vizuri tena. Kwa hiyo vijiti vinaingia mmea ukiwa bado usawa wa goti.

Kivulini mmea unatafuta mwanga, unarefuka haraka na shina linabaki jembamba, linaegemea upande wa jua. Ukimwaga mbolea ya yurea hapo umeharibu kazi, majani tele shina laini. Weka mboji kiasi, na kata matawi mawili matatu ya chini ya mti mwanga upenye.

Yale maua meupe ya jamii ya tangawizi, yanayonukia jioni, yanaweza kufika mita 2 na mzigo wote uko juu. Usihangaike kufunga shina mojamoja. Chomeka mianzi minne kuzunguka kichaka, zungusha kamba ya katani usawa wa goti, nyingine usawa wa kiuno, afu pitisha kamba mbili katikati zikatane ili mashina yagawane nafasi. Ncha usikate kabisa, ua linatokea hapohapo! Shina lililomaliza kuchanua halichanui tena, hilo likate chini kabisa, kichaka kinapungua uzito.

Anemoni zile za Kijapani mashina yake ni membamba mno kwa mianzi, tafuta matawi makavu yenye vijitawi (ya mkahawa uliopogolewa ni mazuri sana), chomeka katikati ya mmea ukiwa mdogo, utakua unajishikilia humo na majani yatayaficha.

Dalia inapenda jua, ila wengi tunaiweka kivuli nusu so inalegea. Hii kijiti chake kiingie siku ileile ya kupanda, ukichomeka baadaye unatoboa viazi vyake huko chini. Funga kwa kitambaa cha tisheti kuukuu, kizungushe kama namba 8 kati ya kijiti na shina, kisikaze. Waya hapana, unakata shina.

Kama kwako kuna mchwa, vijiti vya mti wanavitafuna chini, bora vipande vya nondo. Na kila ncha ya juu ivishe kichupa cha plastiki, mtu akiinama kupalilia asijichome jicho.