Kabla hujagoogle chanjo ya mtoto, toa kwanza kadi ya kliniki

Mi si nesi wala daktari, nianze kwa kusema hivo mtu asije akanidai vyeti. Nina steshenari ndogo huku Nkuhungu, Dodoma, natoa kopi, naprinti, napiga paspoti saizi, na kwa kuwa kuna kompyuta na intaneti wamama wa mtaa wamenifanya mimi ndo Google yao, mtu anakuja na mtoto mgongoni anasema dada hebu niangalizie hii chanjo ya miezi tisa nasikia ina shida. Sa katika kuwaangalizia miaka yote hii nimeona habari zipo, tena zinamwagika, ila tunaanzia pabaya. Mtu anaanzia kwenye hofu yake. Mi nasema anzia kwenye kadi.

Kadi ya kliniki, hiyo hiyo uliyoifunga kwenye nailoni isilowane, itoe uiweke mezani kabla hujashika simu. Ya mwanangu inasoma hivi: akizaliwa BCG (ya kifua kikuu) begani na matone ya polio, wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni penta, PCV (ya nimonia) na matone tena, rota (ya kuhara) wiki ya 6 na ya 10, wiki ya 14 anaongezewa sindano ya polio, alafu surua-rubela miezi 9 na miezi 18. Penta ndo ile moja inayokinga vitu vitano, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na mdudu anaitwa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ukiwa na majina haya mkononi, ukurasa wowote utakaoufungua una kitu cha kuulinganisha nacho.

Kuna mama alinifundisha umuhimu wa hili bila kujua. Alikuja kuprinti fomu, katoto kana kama miezi miwili, tukapiga stori akasema hajaenda kliniki ya wiki ya sita kwa sababu amesoma mtandaoni chanjo zinaanza wiki ya nane. Nikamwambia lete simu. Kioo chenyewe kimepasuka hadi kona, tukasoma anwani juu pale, mwisho wake .uk. Ni ya Uingereza! Kule ni kweli wanaanza wiki ya 8, alafu 12, alafu 16, na BCG hawampi kila mtoto. Kwa hiyo ukurasa haukuwa wa uongo hata kidogo, ulikuwa sahihi kabisa kwa mtoto wa London. Kesho yake akaenda, nesi akamchoma akampangia tarehe upya, na aliniambia hata hakuulizwa maswali mengi. Ukichelewa hurudii mwanzo, unaendelea ulipoishia, na kati ya dozi na dozi ziwe angalau wiki nne, hivo usiogope kwenda eti utafokewa. Na ukifokewa, bora ufokewe.

Haya, sa kutafuta. Ukiandika "madhara ya chanjo" Google atakupa madhara ya chanjo, ukiandika "chanjo zinaua watoto" atakuletea wote walioandika maneno hayo, yeye hajui kama unauliza au unathibitisha. Andika swali kama ungemuuliza nesi: "mtoto homa baada ya penta siku ngapi", "surua miezi 9 Tanzania". Alafu kuna kaujanja ambako watu wengi hawakajui, mwisho wa swali ongeza site:go.tz, usiache nafasi baada ya zile nukta mbili, mfano

chanjo surua rubela site:go.tz

hapo anakuletea kurasa za serikali ya Tanzania tu. Wizara ya Afya ni moh.go.tz, wapo hapa hapa Mtumba. Kwa nje mi naangalia who.int na unicef.org. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wana kitu kinaitwa Vaccine Safety Net, kimekuwepo tangu 2003, ni orodha ya tovuti za chanjo walizozikagua wakaona zinafaa, ila nyingi sio za Kiswahili na ile tafsiri ya simu mara nyingine inachekesha, kwa hiyo ukiona sentensi haieleweki usijijazie maana.

Anwani soma mwisho wake, sio mwanzo. Yeyote mwenye hela kidogo ananunua .com na kuiita wizara-afya-nini-nini. Na tafadhali msidanganyike na bibi na bwana, wale wa kwenye nembo ya taifa. Mi ndo kazi yangu hii, barua yenye nembo ya taifa juu na muhuri wa bluu chini mtu anaitengeneza dakika kumi (sijawahi na sitafanya, ila najua inavyofanyika). Skrinishoti ya tangazo sio tangazo. Ukiletewa, nenda kwenye ukurasa wa wizara wenyewe utafute hilo tangazo, kama halipo liache hapo hapo. JamiiCheck nao wanahakiki uvumi kwa Kiswahili, napitaga huko pia.

Tarehe nayo. Ukurasa unaweza kuwa wa wizara kabisa na ukawa umezeeka. Mfano HPV, ile ya mabinti ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilivyoanza nchi nzima 2018 walikuwa wanapewa dozi mbili, 2024 ikawa moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Ukisoma andiko la zamani utadhani binti yako kapunjwa.

Sa tuje kwenye voisi za WhatsApp maana ndo zinaniletea wateja wengi. Kwanza angalia juu ya meseji, ukiona mishale miwili ujue hiyo imeshapita mikono mitano au zaidi, anayekutumia hamjui aliyeirekodi, na aliyemtumia yeye pia hamjui. Pili, sikiliza kama kuna kitu cha kushika: jina, mwaka, nchi, hospitali. Nyingi hazina, ni "daktari mmoja bingwa" na "nchi za wenzetu". Hizo hata usipoteze bando.

Zikiwa na cha kushika, shika ukifuate hadi kilipotokea. Kuna moja ilizunguka kwenye grupu letu la kikoba, mdada anaongea kwa huruma kabisa kwamba daktari Mwingereza aligundua sindano ya surua inaleta usonji. Nikaandika "daktari Mwingereza surua usonji", haikuchukua hata dakika tano. Anaitwa Andrew Wakefield, aliandika 1998 kwenye jarida la Lancet, watoto aliowaandikia walikuwa 12. Kumi na wawili tu jamani, wanajaa daladala moja na siti zinabaki! Jarida lenyewe likaifuta hiyo makala 2010, na mwaka huo huo akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Alafu 2019 Denmark wakatoa utafiti wa watoto 657,461, waliochanjwa na wasiochanjwa, usonji haukuongezeka kwa waliochanjwa. Na tena yeye aliongelea chanjo yenye matumbwitumbwi ndani, yetu ya kliniki ni surua na rubela, kadi inakuambia. Nikaweka hayo kwenye grupu bila kumtukana mtu, maana aliyefowadi ni mama mwenye mjukuu na alikuwa anaogopa kweli.

Picha pia zinatisha kuliko maneno. Ilishakuja ya mkono wa kichanga una kipele chenye usaha, maandishi chini "angalieni wanachowafanyia watoto wetu". Mama zangu, hiyo ni BCG. Wiki chache baada ya kuchomwa kinatoka kipele, kinaweza kupasuka, kinapona chenyewe na kuacha kovu, kovu ambalo wewe unayesoma hapa pengine unalo begani. Hakifungwi wala hakipakwi dawa. Ukiwa na shaka na picha ipitishe Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha badala ya maneno, uone ilianzia wapi.

Kitu kingine, shuka hadi chini kabisa ya ukurasa. Anayeponda chanjo alafu chini kaweka namba ya kuagiza unga wa kutoa sumu mwilini, huyo ni mfanyabiashara kama mimi tu, tofauti mi nauza kopi. Ila na ukurasa unaosema chanjo haina maudhi yoyote nao siuamini sana. Maudhi yapo, homa, sehemu ya sindano kuvimba, mtoto kulialia siku moja mbili, na chanzo kizuri kinakuandikia hayo wazi pamoja na lini urudi kituoni. Akipata degedege, akipumua kwa shida, akilegea hanyonyi, hapo simu ni ya kumpigia bodaboda, hamna cha kugoogle.

Na kama umesoma umechanganyikiwa, piga 199, ni ya Wizara ya Afya na ni bure. Au siku ya kliniki muoneshe nesi ile meseji yenyewe kwenye simu, usimsimulie, ukisimulia unapunguza na kuongeza. Jitahidi uwahi tu, saa nne foleni inakuwa ya kutisha.

Wa Nkuhungu na Chang'ombe mnaokuja kwangu, njooni na kadi. Kuangaliziwa ni bure, kuprinti ni mia mbili.